Kidonda cha Gaster

Jinja, 11 Februari 2024

Mpenzi Baba Racheal,

Nimefika salama. Chumba changu kiko juu ya fundi cherehani, katika zile nyumba za zamani za Wahindi, na mashine yake inaanza kulia kabla sijafumbua macho. Nimeshazoea. Ukiishi kambini na king'ora cha gereza, cherehani ni wimbo.

Simu tutapigiana Jumapili kama tulivyokubaliana, lakini habari zenyewe niandikie, umpe Shafik aje nazo kwenye taksi yake. Kuta za kambi unazijua: ukikohoa, jirani wa nyumba ya tatu anakupa pole. Na tena sisi tulioana kwa barua, wewe ukiwa Moroto na mimi kwetu Wanale, kwa Kiswahili hiki hiki, maana mimi sikujua Kilango na wewe hukujua Kigisu. Nilikutania siku zile kwamba wewe ni Mlango uliofungwa. Kwenye simu bado umefungwa. Unasema "niko sawa", halafu unaguna. Kwenye karatasi angalau unajitahidi.

Darasani tuko wachache, wauguzi watupu tunaosomea ukufunzi, na mimi ndiye mkubwa kuliko wote. Mwalimu wetu anaitwa Isabirye, naye ni muuguzi wa miaka mingi. Siku ya kwanza hakuandika chochote ubaoni. Alitaka kila mmoja ataje kitu alichojifunza akiwa tayari mtu mzima. Mimi nikasema kupika malakwang, ile mboga chachu ya kwenu.

"Nani alikufundisha?"

"Mama mkwe, Mungu amrehemu."

"Alikufundishaje?"

"Alinipa mboga, akanipa odii ya ufuta uliosagwa, akaenda zake kwa jirani."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. "Huyo alikuwa mwalimu," akasema. "Alijua umeshapika mboga nyingine maishani. Alijua una sababu ya kutaka kujua. Na hakusimama pale kukuaibisha." Ndiyo kozi yenyewe hiyo, Baba Racheal. Mtu mzima haji darasani na debe tupu. Anakuja na yake, na ukitaka kumwongezea, sharti kwanza uulize ana nini. Ninawafikiria wale wauguzi vijana niliowafokea pale kwenye kituo chetu cha afya Wanale mpaka wakajificha stoo, nasikia aibu.

Mwambie Racheal asikae sana huko Nkoma bila kuja kukuona. Na wewe ule.

Wako,
Docus Nambozo


Mbale, 18 Februari 2024

Mama Racheal,

Barua imefika. Inanuka petroli, lakini imefika.

Hayo ya kumfundisha mtu mzima kwa upole, sisi askari jela hatukuyaona. Afande wetu wa mafunzo aliuliza swali mara moja, mara ya pili aliuliza na fimbo. Nilijifunza? Nilijifunza. Sijui nilijifunza nini.

Hapa wote wazima. Mvua imeanza kule juu Wanale, maporomoko yanaonekana meupe kutoka mnarani. Tumepewa buti mpya, ngumu kama mbao. Racheal alikuja Jumamosi, akapika, akalalamika kuhusu sufuria zangu, akarudi Nkoma.

Sasa mwalimu, nina swali. Unamkumbuka Gaster, tunayepokezana naye zamu ya mnara, mume wa Santa. Buti mpya zimemtoboa chini ya kidole gumba. Kidonda kidogo tu, kama punje ya hindi. Namwambia nenda kliniki, anasema hakiumi, kitu kisichouma unakipeleka kliniki kufanya nini. Santa yuko Lira kwenye biashara yake ya simsim, kwa hiyo hakuna wa kumgombeza. Nadharia yako inasema nini juu ya mtu mbishi namna hiyo?

Ni mimi,
Jude Ogwal


Jinja, 3 Machi 2024

Mpenzi Baba Racheal,

Nimesoma barua yako mbele ya wenzangu wawili na tukafurahi kama tumepewa zawadi. Huyo Gaster ndiye mwanafunzi tunayemsoma kila siku! Mtu mzima ambaye hajaona haja.

Kwanza, usimwamuru. Umemwambia "nenda kliniki", na yeye akakujibu kama askari anavyomjibu askari: akasimama imara. Muulize. Kaa naye, msikichungulie kidonda, zungumzeni. Muulize maisha yake ya siku hizi yakoje. Muulize anaogopa nini. Ndiyo, usishangae, hata askari anaogopa kitu. Mara nyingi mtu anayesema "hakiumi" hazungumzii kidonda, anazungumzia jambo lingine ambalo akienda kliniki litafunguka. Ukilijua hilo, yeye mwenyewe ataona njia, na akiiona mwenyewe hataiacha.

Niandikie majibu yake kwa maneno yake. Tumepewa kazi ya kuandika habari za mwanafunzi mzima mmoja tangu mwanzo hadi anapobadilika, na mimi nimemchagua yeye. Nitabadilisha jina.

Juzi nilifundisha kwa mara ya kwanza, wauguzi wa wodi ya watoto. Nilisimama nikasoma daftari langu mwanzo hadi mwisho, wao wakaandika. Mwalimu Isabirye akauliza, "Nani amejifunza leo?" Wakainamia madaftari yao. Akanigeukia: "Mama Docus, wewe umejifunza kusoma kwa sauti." Nililia chooni, halafu nikacheka. Kesho narudi kwa wauguzi wale wale, sina daftari.

Wako,
Docus


Mbale, 15 Machi 2024

Mama Racheal,

Nimefanya ulivyosema. Nimemuuliza.

Kwanza alifungua na kufunga kamba za buti. Halafu akasema anaogopa mambo mawili. La kwanza, wauguzi wanaongea. Akienda kliniki, kabla ya jioni habari imefika kwa mke wake, na mke ataacha alichokwenda kufanya na kurudi. Na hicho alichokwenda kufanya amekingoja muda mrefu. La pili alisema hajui kulitaja. Alisema ni kama ukiwa mnarani na unaona mtu anatembea kwenye ukungu, huwezi kupiga filimbi kwa sababu huna hakika kama ni mtu.

Nikaona nikuandikie kama alivyosema.

Kidonda bado hakiumi. Kimepanuka kidogo. Amekonda, lakini sisi wote tunakonda, chakula cha mwanaume anayejipikia unakijua. Anakunywa maji kama ng'ombe wa Karamoja.

Anauliza hivi: huyo mtu mzima anayengojwa aone mwenyewe, anangojwa mpaka lini?

Na mimi nauliza, Pasaka unakuja?

Jude


Jinja, 2 Aprili 2024

Mpenzi Baba Racheal,

Nisamehe Pasaka. Nilifungasha begi hadi zipu, kisha tukaambiwa mazoezi ya kufundisha wodini yanaendelea sikukuu zote. Nilisikia sauti yako kwenye simu ikishuka. Racheal akaniambia unachechemea, nikaogopa, halafu ukasema ulicheza mpira na vijana wa gereza. Mzee mzima na mpira! Funga bandeji, uweke mguu juu ya stuli, na uwaachie vijana mambo yao.

Sasa sikiliza habari. Ile kazi yangu juu ya Gaster imekuwa ya kwanza darasani. Mwalimu Isabirye ameisoma yote kwa sauti, na alipofika kwenye maneno ya mnara na ukungu aliyarudia. Wenzangu walipiga makofi. Mmoja alisema hajawahi kumsikia mgonjwa akisema namna hiyo, nikajibu kwa sababu hatujawahi kumuuliza. Baba Racheal, nilisimama pale na umri wangu huu, nikajisikia msichana.

Kuhusu swali lake: mpaka lini? Mwambie mtu mzima ana wakati wake. Ameshaanza kusema, na anayesema yuko njiani. Akiwa tayari apime na sukari, lakini usimtishe, akitishwa atafunga tena. Wewe endelea kuwa naye tu. Unafanya kazi nzuri. Sikujua kwamba una sikio namna hii.

Namwonea huruma mke wake, kwamba kuna mambo mume wake anamwambia mtu mwingine.

Wako,
Docus


Mbale, 19 Aprili 2024

Mama Racheal,

Gaster amekubali. Anakwenda kesho.

Jumapili hizi mbili usipige. Tuko kwenye kazi maalumu na simu zinaachwa langoni. Racheal anajua.

Hongera kwa kazi yako kusomwa. Nilitamani kuwapo.

Jude


Jinja, 26 Mei 2024

Jude,

Nimekaa kando ya kitanda chako kwa majuma mawili na hatukusema neno la maana. Ulijifanya umelala, mimi nikajifanya nimeamini. Wauguzi wa wodi walisifu jinsi ninavyokutunza. Sasa nimerudi Jinja kwa sababu wewe na Racheal mmenisukuma kwenye gari la Shafik kama mzigo, na kwa kuwa ana kwa ana nimeshindwa, nitasema hapa.

Hukuniuliza nilijuaje. Niliitwa langoni wakati wa chakula cha mchana, kuna mgeni. Nikamkuta Gaster, amesimama na mfuko wa sukari aliomletea mwenyeji wake, mimi, kwa adabu zake.

"Mama Racheal, nimehamishiwa gereza la hapa Jinja. Nikasema kwanza nije nikupe pole."

Amevaa kandambili, Jude. Nikaitazama miguu yake. Vidole vyote vizima, safi, kucha zimekatwa. Nikafurahi! Nikafikiri, tazama, kimepona.

"Na kidonda chako, kimefunga kabisa?"

"Kidonda kipi, madamu?"

"Cha buti. Chini ya kidole gumba."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Mimi sijapata kidonda. Nimekuja kwa ajili ya mguu wa afande Ogwal."

"Mguu gani?"

Yule mtu akarudi nyuma hatua moja. "Kwani hawajakuambia?"

Sikumuaga mtu yeyote. Njiani nilimpigia Racheal, akalia tu, akasema "Baba alinikataza", na nikamfokea mtoto kwa kosa lisilo lake. Nilipofika wodini na kufunua shuka, nikaona pale mguu wa kulia unapoishia, chini ya goti. Nimefunua mashuka mengi katika kazi hii. Hilo nililifunika haraka kama mwanamke ambaye hajawahi kuingia hospitali.

Daktari alisema sukari yako ilikuwa juu kwa miezi mingi. Alisema kama mngekuja mwezi wa tatu, labda kidole kimoja. Alisema bila ubaya. Hakujua anamwambia nani.

Nimezisoma tena barua zako zote. Kidonda kisichouma. Kiu isiyokatika. Mtu anakonda. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angesema pima sukari leo, saa hii. Mimi niliandika kurasa juu ya hofu ya Gaster, nikapigiwa makofi. Ulikuwa unaoza, na mimi nikakupa alama.

Lakini wewe, kwa nini? Ungeandika "ni mimi" mara moja tu. Ningekuja kwa miguu.

Docus


Mbale, 9 Juni 2024

Mama Racheal,

Natumia magongo mawili sasa. Jana nilifika hadi kantini na kurudi. Wakubwa wamesema nitapewa kazi ya stoo, ya kukaa. Racheal amehamia hapa kwa muda, na sufuria zangu amezitupa.

Umeuliza kwa nini. Nina sababu nzuri na nina sababu mbaya. Nitakuandikia zote mbili.

Nzuri ni hii. Ulipopata nafasi ya kozi hii mara ya kwanza, mama yangu alipooza. Hukushauriana nami. Nilirudi kutoka kazini nikakuta umeshaandika kukataa nafasi, umefunga kanga kiunoni, unamgeuza mama kitandani. Ulimtunza mpaka akafa. Sikukuambia asante, nilidhani wake ndivyo walivyo. Kisha miaka ikapita, na kila wakufunzi vijana walipokuja kituoni kwenu ulikuwa unarudi nyumbani na kukaa bila kuvua viatu. Nilikuwa nakuona. Nikaapa kwamba safari hii hakuna mtu wa ukoo wangu atakayekurudisha, na kwanza kabisa si mimi. Nikamtumia Gaster. Sikuenda kliniki yetu wala kituoni kwenu kwa sababu wote ni rafiki zako.

Hiyo ndiyo nimemwambia kila mtu, na watu wananisifu. Sasa mbaya.

Ulipoandika "muulize anaogopa nini", nilikwenda nayo mnarani. Nikaisoma, nikaiweka mfukoni, nikaitoa tena. Mama Racheal, tangu tuoane tunaulizana umekula, umelipa ada ya mtoto, umefunga mlango. Hakuna aliyewahi kuniuliza ninaogopa nini. Si wewe, si mama, si jeshi la magereza. Nikasema kama Gaster anaulizwa maneno matamu namna hii, acha niwe Gaster kidogo. Nikajibu. Ukasifu majibu yangu mpaka mwalimu akayasoma. Nilijua kidonda kinanuka. Nilikuwa navaa soksi mbili. Lakini nilijua pia nikisema "ni mimi", utarudi, utanivua kiatu kwa nguvu, utanifokea, na mwanamke yule wa kwenye barua ataondoka.

Kwa hiyo nikangoja barua moja zaidi. Halafu nyingine.

Usijibebeshe mguu huu peke yako. Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya kiatu.

Jude


Jinja, 23 Juni 2024

Mpenzi Baba Racheal,

Barua yako nimekaa nayo siku nyingi bila kujua niiweke wapi. Nimekasirika, nimelia, nimekasirika tena. Kwamba mimi niliweza kuwa mpole kiasi hicho kwa mume wa Santa, na mume wangu akalazimika kujificha nyuma yake ili apate chembe. Na wewe, kwamba uliona bora upoteze mguu kuliko upoteze barua. Sijui nani kati yetu nimwonee huruma kwanza.

Nilimwomba Mwalimu Isabirye ruhusa ya kuimalizia ile kazi mbele ya darasa. Nikasimama nikawaambia Gaster ni nani, na kidonda kiliishia wapi. Hakuna aliyepiga makofi. Kisha dada mmoja akainua mkono.

"Kwa hiyo tunayofundishwa hapa ni uongo?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ningesema ndiyo nikafunga begi. Lakini nikakumbuka uliyoniandikia, kwamba swali lile lilikufikia kweli. Nikamjibu hivi: "Si uongo. Swali la hofu lilikuwa la haki, na mtu alilijibu. Ila mimi ni muuguzi, na sikuuliza kidonda kina rangi gani, kinanukaje, ukikigusa anasikia au hasikii. Nilitamani mno kuwa mwalimu nikamwacha muuguzi nyumbani. Mtu mzima aachiwe wakati wake, lakini kidonda hakina subira hiyo."

Mwalimu Isabirye alikuwa amekaa nyuma. Akasimama. "Na mimi niliisoma kazi ile mara mbili," akasema, "na miaka yangu yote ya wodini, sikuuliza." Akatoka nje kidogo. Aliporudi alituambia tuwafundishe wauguzi wetu kuuliza kidonda pia.

Nitamaliza kozi. Nilifikiri nitaacha ili nijiadhibu, lakini wewe ungekuwa umekatwa bure. Nimeomba miezi ya mwisho nifundishe Mbale. Wamekataa. Kwa hiyo nitakuja Jumamosi moja kwa mwezi, na katikati ya hizo Jumamosi sitakuwapo, nawe utajifunza kutembea bila mimi kuona. Hilo ni langu la kubeba.

Mengine yote tutaulizana polepole, na sitakuuliza kama mwalimu. Unaweza kunyamaza, nitangoja. Unaweza hata kunificha mambo madogo, kama waume wengine.

Lakini mguu wa kushoto siuulizi. Kila jioni, kabla ya kula, vua kiatu, vua soksi, Racheal aukague na taa mpaka katikati ya vidole, aniandikie alichoona kwa mkono wake. Na usimwambie yeye cha kuandika.

Wako,
Docus